Maji Yasiyopungua

Mhezi, jioni

Mwanangu Nakunda,

Najua ukiifungua karatasi hii utatamka shikamoo hata kama uko peke yako chumbani, maana ndivyo nilivyokulea. Marahaba, mama.

Sasa hivi umekwenda ng'ambo ya bonde kumuaga bibi yako. Nimekaa kizingitini niandike kabla jua halijazama nyuma ya mlima. Mambo ya sabuni na blanketi, na ya kutoazimisha ndala zako kwa kila anayepita, nimeshayasema mpaka baba yako ameniomba nipumzike. Hayo siyarudii. Nataka tuzungumze jambo ambalo mimi na wewe tumelikwepa tangu ilipofika barua ya chuo cha ualimu. Yale mashindano ya mambo matatu.

Unakumbuka baba yako alivyoisoma ile barua kwa sauti ya mkutano. Kwamba wanachuo wote wa mwaka wa kwanza, mwisho wa muhula, wataogelea baharini, watapanda baiskeli, kisha watakimbia, moja baada ya jingine bila kupumzika, kwa sababu mwalimu wa taifa hili lazima awe mkakamavu. Alipofika hapo wewe uliinuka ukaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Na juzi nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage, nikakusikia ukimwambia binamu yako, "Mimi nitawaambia nina kifua. Na mwili huu, nikimbie niende wapi?" Mwenzio akacheka. Wewe hukucheka.

Sikuingia. Nilibaki na ungo wangu mapajani, maharage mazuri na mabovu nikayachanganya tena. Mwanangu, niliumia. Kilichoniuma zaidi kuliko uongo wenyewe ni kwamba niliutambua. Nitakuambia niliutambuaje, ila kwanza nisikilize habari yangu, maana hujaisikia yote. Mjomba wako Elieza ameihadithia kwenye kila harusi kwamba dada yake alikuwa mshindi wa tatu bwawani Nyumba ya Mungu, na watu wakishapiga makofi anaongeza kwamba wanawake walikuwa watatu. Anayoihadithia ni ile sehemu inayochekesha.

Ulikuwa bado hujaanza shule. Kijiji chetu ndiyo kwanza kimeandikishwa kuwa cha ujamaa, kila kitu kilikuwa kipya na kila Jumamosi kulikuwa na mkutano. Siku moja katibu wa kijiji akatutangazia kwamba Saba Saba inayokuja, wilaya itafanya mashindano kule bwawani: kuogelea, baiskeli na mbio kwa mkupuo mmoja. Kila kijiji kitoe mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamume akapatikana upesi, mjomba wako Elieza, ambaye wakati ule alikuwa mwembamba kama fito na hajawahi kukataa jambo lolote lenye watazamaji. Mwanamke hakupatikana. Tukaanza kutazama vidole vya miguu yetu.

Ndipo huyo huyo Elieza, kaka yangu wa tumbo moja, akapaza sauti, "Mpelekeni dada yangu! Akiingia bwawani maji yatafurika mpaka Same!"

Mkutano mzima ulicheka. Baba yako naye alicheka, kidogo, halafu akakohoa. Ujue huku kwetu mtu akikuambia umenenepa anakupongeza wewe na mumeo. Nilikuwa nimezoea kuupenda mwili wangu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza niliusikia ukiitwa kichekesho, tena na mtu wa kwetu. Nikasimama nikasema, "Andika jina langu." Nilisema kwa hasira tu. Na hasira, mwanangu, ilinitosha kuinuka kwenye benchi, lakini kesho yake asubuhi nilipoamka haikuwepo, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Kosa la kwanza nililofanya ni kutaka kupungua kabla sijaanza. Nilijiambia, siwezi kwenda mbele za watu nikiwa hivi, ngoja kwanza niwe mwingine, ndipo nijifunze. Nikaacha kula. Makande nikawapakulia ninyi, mimi nikanywa chai kavu na kusingizia tumbo. Siku moja nikiwa napalilia kahawa, jembe likanitoka mkononi, nikajikuta nimekaa chini ya mgomba naona migomba miwili miwili. Baba yako alinikuta pale. Hakunicheka. Alikwenda akarudi na kibuyu cha maziwa, akachuchumaa mbele yangu.

"Kunywa," akasema. "Unataka kushindana na watu au unataka kujizika?"

Nikanywa. Tangu siku ile nikala kama kawaida, na nikajifunza na mwili niliokuwa nao, kwa sababu ndio uliokuwepo. Sikuwa na mwingine wa kuazima.

Mbio hazikunisumbua sana. Kukimbia hasa sikuweza, ila miguu yetu ya mlimani inajua kwenda. Ukishabeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka bondeni mpaka hapa, mwendo unaujua. Shida ilikuwa mapaja. Yalisuguana mpaka yakachubuka, nikawa natembea kama bata na naona aibu kumwambia mtu. Hili nalo nakuambia kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia: paka mafuta ya ng'ombe kabla, mengi, tena vaa suruali fupi ya pamba ndani. Wembamba hawalijui hilo, na wanene wanaona haya kulisema, basi kila mmoja wetu anachubuka upya peke yake.

Baiskeli alinifundisha baba yako kwenye uwanja wa shule, watoto wakiwa wameondoka. Alishika tandiko nyuma, mimi nikipiga kelele. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba mwalimu mkuu aliniuliza kama nataka kulima uwanja wake. Lakini nilipoweza, niliweza kweli. Niliteremka na baiskeli ile kutoka huku juu, mkono kwenye breki, khanga inapepea, na watu wakasimama kando ya njia kunitazama. Nikarudi naisukuma. Nikateremka tena, nikasukuma tena. Nikajiona fundi.

Na kuogelea? Hapo ndipo kuna kisa.

Unaijua ndiva yetu. Unajua maji ya mfereji yanavyojaa ndani yake usiku kucha, na alfajiri mlinzi anaizibua, maji yanakwenda shambani kwa mwenye zamu. Siku zile mlinzi alikuwa marehemu Mzee Sifuni. Nilimwendea kwa heshima na maneno laini, nikamwomba nijifunzie humo. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Ndiva ikijaa haiingii mtu," akasema. "Wazee wamekataza tangu zamani. Yale ni maji ya mazao. Tena ni kina kirefu, utatufia humo tukose cha kuwaambia wakwe zako."

"Basi, mzee, nitafanyaje?"

"Utangoja. Nikishazibua, ingia."

Nikakubali, nikamshukuru sana. Kila alfajiri nikawa nasimama ukingoni na khanga yangu, mzee anachomoa gogo la kuzibia, maji yanaanza kwenda, nami naingia. Napiga mikono, napiga miguu, nakwenda upande huu narudi upande ule. Mwanzoni nilimeza maji. Baadaye sikumeza tena. Kadiri asubuhi ilivyosogea ndivyo nilivyozidi kuwa hodari, mpaka mwishoni naogelea bila hofu kabisa, natoka na tope magotini nikiimba. Mzee Sifuni akawa anawaambia watu kwamba mke wa fulani amekuwa samaki.

Umeshaona kosa? Mimi sikuliona. Labda ungekuwa mtu wa pwani ungeliona siku ya kwanza.

Lori la kijiji lilitushusha Nyumba ya Mungu siku chache kabla ya Saba Saba. Nawe ulikuwepo, umebebwa na shangazi yako, unalia kwa joto. Mimi nilipoyaona yale maji sikuogopa hata kidogo. Niliona ndiva, ila kubwa. Jioni ile ile nikaingia mbele za wenyeji, kifua mbele. Nikapiga mikono, nikaenda, nikaenda, na nilipochoka kidogo nikafanya nilivyozoea, nikashusha mguu.

Chini hapakuwa na kitu.

Mwanangu, hofu ile siwezi kuiandika. Mguu uliendelea kushuka ukitafuta tope, na mimi nikaufuata. Muda wote ule ndivani nilikuwa natembea. Mikono ilikuwa inaogelea, miguu inatembea chini, na maji yanapungua kila dakika, nikaamini kwamba ninayezidi ni mimi.

Aliyenitoa ni mvuvi mmoja, Bwana Masanja, aliyetoka Usukumani kufuata samaki wa bwawa lile jipya. Alinivuta kwa nyuma ya gauni mpaka mchangani, nikatapika maji na makande. Alipohakikisha napumua akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamweleza habari ya ndiva na gogo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, nami namheshimu mpaka leo kwa hilo.

"Mama," akasema, "maji haya hayapungui. Ukingoja yapungue utakufa. Kesho njoo nikufundishe kulala juu yake."

"Kulala?"

"Kulala chali. Wewe Mungu amekupa mwili unaoelea. Yule kaka yako mwembamba ndiye ninayemhurumia."

Nilikwenda. Siku ya kwanza sikuweza kuachia bega lake. Siku ya pili nilijilaza, nikafumba macho, masikio yakaingia majini, kimya kikaja. Nikangoja kuzama. Sikuzama. Nililala juu ya yale maji mengi yasiyo na chini, tumbo langu juu, jua usoni, na nikalia, maana ndiyo mara ya kwanza tangu mkutano ule niliupenda tena mwili wangu. Masanja akadhani nimeogopa. Nikamwambia hapana, niache kidogo.

Siku yenyewe tuliingia wanaume na wanawake pamoja. Wale wanawake wawili wengine walikuwa wasichana wa tambarare, wepesi kama swala, wakanipita kabla sijalowa vizuri. Mimi niliogelea nilivyoweza, nikichoka nalala chali, nikipumzika naendelea. Katikati ya safari nikapishana na mtumbwi wa Masanja umembeba Elieza, suruali inamchuruzika, meno yanagongana. Akanipungia mkono. Unajua hajawahi kuitia sehemu hiyo kwenye hadithi zake za harusini.

Nilitoka majini wa mwisho, lakini nilitoka kwa miguu yangu. Nikapanda baiskeli. Na hapo, baada ya yote niliyojifunza, nikarudia kosa lile lile kwa sura nyingine. Barabara ya tambarare ni ndefu na imenyooka, upepo unakuja usoni, na mimi mtu wa mlimani nikawa nakanyaga kidogo nangoja mteremko. Nikangoja. Mteremko haukuja. Nikachoka, nikashuka, nikaanza kuisukuma baiskeli kama nilivyozoea kwetu. Kando ya njia alikuwepo mama mmoja wa Kimaasai na ng'ombe zake. Alinitazama, akatazama mbele, akatazama nyuma.

"Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai, "mbona unasukuma? Kilima kiko wapi?"

Nilicheka mpaka nikaegemea baiskeli. Naye akacheka, wala hakujua kwa nini. Basi nikapanda tena, nikakanyaga, na sikungoja kitu tena. Nilikanyaga tu. Nikamaliza, nikaiacha baiskeli, nikaanza mbio ambazo hazikuwa mbio. Nilikwenda mwendo wangu wa mkungu wa ndizi.

Nilipofika mwisho kamba ilikuwa imeshafunguliwa. Hotuba zilikuwa zimekwisha, watu wako kwenye pilau. Wewe ulikuwa umelala chini ya lori. Palikuwa na mzee mmoja tu wa kuandika majina, sahani iko mapajani. Akanitazama akashangaa.

"Na wewe ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Wa wapi?"

"Mhezi, mlimani."

Akafuta vidole, akaandika, akaendelea kula. Hakuna aliyepiga makofi. Nami nilisimama pale nimechubuka, nina vumbi mpaka kwenye kope, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata isipokuwa siku ulipozaliwa wewe. Sikuhitaji mtu anione. Nilikuwa nimetoka kule nikafika huku, na mwili huu huu ndio ulionileta.

Sasa nikuambie ya kifua.

Ulipokuwa darasa la tatu ulirudi nyumbani siku moja huongei. Nikambembeleza, ukasema watoto wamekucheka kwenye mchakamchaka. Mimi, niliyelala juu ya maji ya Nyumba ya Mungu, ningepaswa kukushika mkono asubuhi tukakimbie wote. Badala yake nilikwenda kwa mwalimu wako. Nikamwambia, "Mwanangu ana kifua, naomba asikimbizwe." Mwalimu akakupa kazi ya kulinda masweta ya wenzako na kupiga kengele. Ukafurahi, nami nikafurahi kwamba umefurahi. Darasa la nne nikaenda tena. La tano hukuhitaji niende, ulishajua kulisema mwenyewe.

Huna kifua, Nakunda. Hujawahi kuwa nacho. Neno hilo ulilitoa kinywani mwangu. Nilikupenda nikawa Mzee Sifuni wako: kila ulipotaka kuingia majini nilitangulia kuzibua, ukawa unatembea na mimi nawaambia watu unaogelea. Nisamehe. Sikujua kwamba siku moja utakwenda mahali ambapo sitaweza kulifikia gogo.

Kesho ndiyo unakwenda huko. Bahari sijawahi kuiona kwa karibu, lakini nasikia haipungui kwa ajili ya mtu.

Sikuamrishi. Umeshakuwa mtu mzima, na ukiwaambia una kifua wataandika una kifua, utakaa kivulini ulinde nguo za wenzako, na mimi nitabaki kuwa mama yako vile vile. Wala siwezi kukuahidi kwamba hawatakucheka. Watakucheka, hasa siku ya kwanza, na atakayecheka sana anaweza kuwa rafiki yako mkubwa kabla muhula haujaisha. Mwangalie mjomba wako alivyo kwangu leo. Sitaki ushinde. Kuwa wa mwisho kwetu si jambo geni. Ninachokuomba ni kimoja: kabla hujalisema lile neno, ingia majini mara moja, na mtu anayejua awe karibu yako, ujilaze chali ufumbe macho. Uone kama utazama. Ukishaona, amua mwenyewe.

Nasikia sauti yako kule chini, unaagana na majirani, unacheka. Una kicheko kizuri sana. Nitakikosa nyumba hii ikinyamaza, na sioni haya kukuandikia kwamba nitalia.

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya blanketi, kuna nguo nyeusi ya pamba imekunjwa. Ni ya kuogelea. Nimeishona wiki hii ulipokuwa unakwenda kuchota maji, mikono mifupi, suruali inafika magotini, mishono nimeipiga mara mbili. Utashangaa kwamba inakutosha, maana sikukuita nikupime hata siku moja. Sikuhitaji. Nilijipima mimi.

Mama yako